Barua ya wazi: tonado za mashambani nazo zichunguzwe na kuandikwa

Kwa:
Mkurugenzi wa Huduma za Hali ya Hewa,
Mkuu wa Idara ya Maafa,
Mhandisi Mkuu wa Majengo ya Umma Vijijini.

Waheshimiwa,

YAH: UCHUNGUZI WA TONADO, TAHADHARI, NA UEZEKAJI WA MAJENGO YA UMMA VIJIJINI

Tunawasalimu kwa heshima. Barua hii si ya kwanza. Zilizotangulia tulizileta kwa mkono, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na jibu tulilopata lilikuwa la mdomo tu, kwamba suala linafanyiwa kazi. Tumeona sasa tuandike hadharani, maana msimu wa dhoruba hausubiri faili litoke meza moja kwenda nyingine.

Sisi ni waangalizi wa hali ya hewa wa kujitolea, mafundi wa kuezeka, na walimu wanaotunza vipimo vya mvua shuleni. Hatuna ugomvi na mtu. Tunachotaka ni kwamba tonado, yaani upepo mkali unaojisokota kutoka wingu la radi hadi ardhini, ikipita mashambani ichunguzwe, iandikwe na itolewe tahadhari kwa uzito uleule ambao ingepewa kama ingepita katikati ya mji. Kwa sasa mambo yanazunguka palepale: tonado haichunguzwi kwa kuwa haijaripotiwa rasmi, isipochunguzwa haiingii kwenye kumbukumbu, na kwa kuwa haimo kwenye kumbukumbu, tunaambiwa kwamba huku kwetu hakuna tonado, kwa hiyo rada, waangalizi na mapaa imara si vya lazima. Kumbukumbu tupu imegeuzwa kuwa ushahidi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Dhoruba inaisha kwa taarifa ya mistari mitatu

Taarifa ya kila mara husema kwamba mvua iliyoambatana na upepo mkali imeezua nyumba kadhaa. Mtabiri hapati kitu hapo, na mhandisi hapati kitu. Wingu moja la radi linaweza kushusha balaa mbili tofauti. Ya kwanza ni upepo wa kuporomoka: hewa iliyopozwa na mvua na mvua ya mawe inakuwa nzito, inashuka kwa kasi, na ikigonga ardhi inasambaa pande zote. Ya pili ni tonado, yaani hewa inayojisokota huku ikivutwa ndani na kupandishwa juu. Zote zinaezua, zote zinaangusha miti, na anayepita barabarani kwa gari hatazitofautisha.

Aliyefundisha dunia kuzitofautisha ni mtaalamu wa hali ya hewa Tetsuya Fujita. Baada ya mkurupuko wa tonado wa Aprili 1974 nchini Marekani, alipokagua uharibifu kutoka angani aliona mahali ambapo miti ilikuwa imelala kwa kutawanyika kutoka sehemu moja, jambo ambalo tonado haifanyi. Mwaka uliofuata ndege ya abiria ilianguka ikikaribia kutua New York, naye akaeleza kwamba ilikutana na upepo wa namna hiyo. Alifika hapo kwa kusoma miti iliyolala na mazao yaliyobondwa, vitu ambavyo huku kwetu vimejaa baada ya kila dhoruba kubwa na hakuna anayekuja kuvisoma.

Ushahidi wenyewe haudumu. Kwenye shamba la mahindi tonado inapoacha njia yake, mabua ya kando yanalala yakielekea mstari wa katikati, na ya katikati yanalala kuelekea ilikokwenda. Upepo wa kuporomoka unayalaza kama fungu lililofunguliwa, yote yakikimbia kutoka sehemu moja. Tope na majani yaliyosagwa hubandikwa kwenye kuta za nyumba, na upande uliopakwa zaidi unaonyesha upepo ulikotoka. Bati lililojiviringisha kwenye shina la mti linaonyesha lilirushwa upande gani. Baada ya siku tatu mwenye shamba ameshakata mabua, mabati yamekusanywa yanyooshwe, mvua nyingine imeosha kuta. Ikifika wiki mbili, anayekuja na karatasi za kuorodhesha walioathirika hana cha kusoma.

Uchunguzi unaofaa wala si mzigo. Unahitaji watu wawili, gari moja, siku moja au mbili. Wanaanzia mwisho mmoja wa njia na kuikata kwa upana kila mita 500 hivi, wakitoka upande usioguswa hadi upande mwingine usioguswa. Kwa kila mti ulioanguka wanapima kwa dira unakoelekea, si kwa kukadiria. Kwa kila jengo wanapiga picha mbili: ya jengo zima, na ya kiungo kilichoachia, kwa karibu, rula ikiwa kando. Simu yenye GPS inatosha kuandika mahali. Saa ya tukio wanaitafuta kwa watu tofauti, kila mmoja peke yake, kisha wanailinganisha na saa ambayo umeme ulikatika kwenye laini. Mwishoni wanaandika mwanzo wa njia, mwisho wake, urefu, upana mkubwa kabisa, na kasi ya upepo inayokadiriwa. Kama tope limefunga barabara, picha za setilaiti ya Sentinel-2 zinapatikana bure, zinaonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10, na hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5 hivi. Njia ya tonado yenye nguvu iliyopita msituni au kwenye mazao mabichi huonekana humo kama mchirizi, mradi mawingu yasiwe yamefunika. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kuitafuta bila kutoka ofisini.

2. Kipimo kinahitaji kitu cha kuvunja

Hata mkija kuchunguza, tunaomba msije na desturi ya mjini. Kipimo kinachotumika zaidi, kile cha Fujita kilichoboreshwa na kuanza kutumika Marekani mwaka 2007, kina madaraja sita, kuanzia EF0 hadi EF5. EF0 huanzia upepo wa kilomita 105 kwa saa. EF5 ni zaidi ya 322. Ila kasi hizo hazipimwi kwa chombo. Zinakadiriwa kwa kuangalia kilichovunjika kati ya aina 28 za majengo, nguzo na miti. Palipo na nyasi tu, tonado ya kutisha itaandikwa ndogo.

Mfano mkubwa ni wa El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013. Tonado ile ilikuwa na upana wa kilomita 4.2, mpana kuliko wowote uliowahi kurekodiwa, na rada za kwenye magari zilipima ndani yake upepo wa zaidi ya kilomita 460 kwa saa. Watafiti watatu wa dhoruba walikufa humo, watu waliozijua tonado kuliko karibu wote waliobaki. Lakini ilipita zaidi kwenye mashamba ya wazi, na majengo iliyoyagonga hayakuonyesha uharibifu wa daraja la juu, kwa hiyo kwenye kumbukumbu imebaki EF3. Ikiwa nchi yenye rada za magari inapata tabu hiyo, sisi tusio nazo tutapata zaidi. Tunachoomba ni kwamba daraja liandikwe pamoja na maelezo: ilipita wapi, palikuwa na nini cha kuvunjika, jengo lililovunjika lilifungwaje. Ukuta wa tofali za tope uliokuwa bila lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya kuta) kuanguka hakuthibitishi upepo wa kilomita 250 kwa saa. Na shamba tupu kubaki bila alama kubwa hakuthibitishi kwamba upepo ulikuwa mdogo.

3. Rada inatazama juu ya vichwa vyetu

Tunaambiwa kila mara kwamba rada inatufikia. Kwenye ramani inatufikia kweli. Lakini dunia ni duara, na mwale wa rada unaoelekezwa chini kabisa, kwa kawaida nusu digrii juu ya upeo, unazidi kupaa kadiri unavyokwenda mbali. Kwa umbali wa kilomita 100 katikati ya mwale iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa rada. Kwa kilomita 200 iko karibu mita 4,000. Mwale wenyewe nao unapanuka: ukiwa na upana wa digrii moja, kwa kilomita 200 umefika kilomita 3.5. Tonado nyingi zina upana wa makumi au mamia ya mita, na ziko chini. Rada iliyo mbali namna hiyo itaona mvua na mvua ya mawe iliyo sehemu ya juu ya wingu, isione kinachozunguka chini yake.

Kinachoweza kuonekana, jengo la rada likiwa karibu, ni mzunguko wa wingu lenyewe. Tonado zenye nguvu nyingi huzaliwa na dhoruba inayozunguka, iitwayo supaseli. Ili ijengeke inahitaji unyevu mwingi karibu na ardhi, hewa ya joto chini na ya baridi juu, kitu cha kuisukuma hewa ianze kupanda, na upepo unaobadilika mwelekeo na kasi kadiri unavyopanda. Hilo la mwisho ndilo linaloitofautisha na mvua ya radi ya kawaida. Tofauti ya upepo wa karibu na ardhi na ule wa kilomita 6 juu ikifika mita 20 kwa sekunde, mtabiri anapaswa kuanza kukaa macho. Vipimo hivyo vinatokana na puto la vipimo linalorushwa asubuhi, na lisiporushwa siku fulani kwa sababu gesi imeisha, mtabiri anabaki kubahatisha.

Rada ya Doppler hupima pia kasi ya matone kuja na kwenda. Mahali ambapo matone yanayokuja kwa kasi yamekaa bega kwa bega na yanayokwenda kwa kasi, hapo pana mzunguko. Malalamiko yetu mahususi ni kwamba picha mnazotoa kwa umma ni za wingi wa mvua peke yake. Za kasi hazitolewi, na tulipoziomba kwa ajili ya dhoruba iliyopita tuliambiwa hazikuhifadhiwa. Kuhifadhi ni suala la diski. Tunaomba pia rada ikague upya kila baada ya dakika 5 au chini ya hapo siku ya dhoruba. Katika dakika 15 tonado inaweza kuzaliwa, kupita vijiji viwili na kufa.

Pale ambapo rada haioni, jicho linaona. Marekani, licha ya rada zake zote, bado ina mtandao wa waangalizi wa kujitolea, Skywarn, tangu miaka ya 1970. Mwangalizi aliyefundishwa anajua mahali pa kutazama: chini ya ile sehemu ya wingu isiyo na mvua, ambapo kitako cha wingu hushuka kikawa kama ukuta unaoning'inia. Anatazama dakika nzima aone kama ukuta huo unazunguka kweli, kwa sababu vipande vya mawingu machafu vinavyoning'inia vimewatia watu wengi wasiwasi wa bure. Anajua pia kwamba vumbi linalozunguka ardhini chini ya ukuta huo ni tonado tayari, hata kama mkonga wa wingu unaoshuka haujaonekana kufika chini. Kufundisha watu namna hii ni kazi ya siku moja kwa kata. Tulijitolea kuandaa ukumbi.

4. Tahadhari inatolewa kwa eneo lisiloweza kuitumia

"Upepo mkali unatarajiwa katika maeneo machache ya mikoa kadhaa kuanzia leo hadi kesho." Mwananchi afanye nini na ujumbe huu? Afunge duka siku mbili? Hafanyi lolote, naye hana kosa. Tahadhari ya siku nzima ina kazi yake, ya kuwaandaa watu. Ya dakika ndiyo inayookoa, na hiyo hatuna.

Tangu Oktoba 2007 huduma ya hali ya hewa ya Marekani haitangazi tahadhari ya tonado kwa wilaya nzima. Inachora umbo linalofuata njia ya dhoruba na kutaja miji iliyomo ndani yake. Muda watu wanaoupata kabla tonado haijafika ni kama dakika 10, siku nyingine zaidi, siku nyingine hakuna. Dakika 10 zinatosha kuwatoa watoto chini ya paa la bati na kuwaingiza chumba chenye dari ya zege, kama chumba kipo. Dhoruba inayokwenda kilomita 50 kwa saa, katika dakika 15 imekwenda kilomita 12 na ushee, kwa hiyo vijiji vinavyohusika wala si vingi kuvitaja kwa majina.

Ujumbe uwe na mambo manne tu: dhoruba iko wapi sasa, inaelekea wapi na kwa kasi gani, itafika vijiji gani na saa ngapi, watu wafanye nini. Utumwe kwa minara ya simu kwa mtindo wa kurushwa kwa wote walio chini ya mnara, si kwa SMS za mmoja mmoja. SMS zinahitaji orodha ya namba, zinapanga foleni mtandao ukilemewa, na zinaweza kufika tonado ikiwa imeshapita. Ule wa kurushwa hauhitaji namba na humfikia hata mgeni aliyelala njiani. Redio ya jamii iwe na mtu mwenye mamlaka ya kukatiza kipindi papo hapo bila kusubiri barua kutoka wilayani. Na kwa kuwa umeme hukatika mapema, kila shule na zahanati iwe na kengele au king'ora cha betri, na mlio wake wa tonado usitumike kwa jambo lingine lolote.

5. Mapaa ya shule zetu yanaondoka kwa upepo ambao yangeweza kuuhimili

Hapa ndipo tunapoomba Mhandisi Mkuu atusome polepole. Watu wakisikia tonado wanafikiri hakuna jengo linaloweza kusimama. Si kweli. Tonado nyingi ni za madaraja ya chini, na hata iliyo kali huwa na upepo wake wa juu kabisa kwenye ukanda mwembamba tu. Walio kando wanapata upepo ambao paa lililofungwa vizuri linaustahimili.

Tuanze na hesabu. Upepo wa kilomita 108 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 56 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 180 msukumo unakuwa kilo 156 hivi. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Bati jembamba la migongo lina uzito wa kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba. Darasa la mita 8 kwa 12, likivutwa kwa huo msukumo mdogo wa kwanza, linanyanyuliwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 5. Na kwenye pembe, kofia (bati la kufunika kilele cha paa) na kingo mvuto unaweza kuwa mara mbili ya ule wa katikati ya paa. Kwa hiyo uzito wa paa haulishikilii chochote. Kinacholishikilia ni viungo, na paa huondoka kupitia kiungo dhaifu kuliko vyote.

Viungo ni vinne, na tumeona vyote vikiachia.

Bati na papi (mbao zinazopigiliwa bati): misumari laini mifupi inang'oka kichwa kikiwa bado kizima, au bati linachanika kuzunguka kichwa. Tumia skrubu zenye washa pana za mpira, au misumari iliyosokotwa. Kwenye mstari wa chini kabisa, kwenye kofia na kwenye kingo mbili za pembeni, funga kila mgongo wa bati. Katikati ya paa unaweza kuruka mgongo mmoja. Papi za kingoni zikaribiane, sentimita 60 badala ya 90.

Papi na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa): msumari mmoja uliopigwa kutoka juu hautoshi, kwa sababu upepo unauvuta kwa mstari uleule ulioingilia. Funga kwa utepe wa chuma uliopakwa zinki, wa upana wa milimita 30 hivi, upite juu ya papi na kushuka pande zote mbili za kenchi, upigwe misumari ubavuni. Hapo upepo ukivuta, msumari unakatwa ubavu badala ya kung'olewa, na kuukata kunahitaji nguvu nyingi zaidi.

Kenchi na ukuta: hapa ndipo shule zetu nyingi zinapopoteza paa zima kwa mkupuo, kenchi na mabati vikiruka pamoja. Mbao ya juu ya ukuta imekalia tofali tu, ama imeshikwa na waya mwembamba uliofungwa kwenye kozi (mstari wa tofali) ya mwisho. Paa likipanda, linabeba kozi hiyo. Panapokuwa na lenta inayozunguka jengo lote, nondo zitokeze ndani ya zege na kukunjwa juu ya mbao. Pasipokuwa nayo, utepe wa chuma uanzie kozi tano au zaidi chini, ili uzito wa ukuta nao ushiriki kulishika paa.

Ukuta na msingi, tunapita haraka, ila ukuta wa pembetatu wa kichwa cha jengo tunausisitiza: usipofungwa kwenye kenchi unaanguka ndani, juu ya madawati.

Mambo mawili mengine. Paa la baraza lisiwe mwendelezo wa paa kuu. Upepo unaingia chini ya baraza, unalibinua, na kama ni bati lilelile linavuta paa zima kama anayefungua kopo. Likijengwa peke yake litaondoka peke yake. Pili, paa la miteremko minne linastahimili kuliko la miteremko miwili, na gharama ya ziada ni ya fundi zaidi kuliko ya vifaa.

Kwa nini hayafanyiki ilhali yamo kwenye michoro? Kwa sababu utepe hauonekani kazi ikiisha. Anayekuja kupokea jengo anaona rangi, mabati yanayong'aa na idadi ya madirisha, hapandi darini. Mkandarasi anajua. Dawa yake ni rahisi: hakuna malipo ya hatua ya kuezeka mpaka kila kiungo kimepigwa picha kabla bati halijapanda, na picha hizo zikae shuleni pamoja na ramani. Kamati ya shule itazisoma. Fundi wa kijiji atazisoma vizuri zaidi.

Kwa shule zilizo kwenye njia zinazojulikana za dhoruba tunaomba pia mahali pa kukimbilia, penye kuta za matofali ya zege yaliyojazwa zege na nondo matunduni, paa la zege, na mlango wenye komeo zaidi ya moja. Miongozo ya Marekani ya vyumba hivyo inahesabu karibu nusu mita ya mraba kwa mtu, kwa hiyo wanafunzi 300 wanahitaji mita za mraba 150, yaani vyumba viwili vya kawaida ambavyo siku nyingine ni maktaba na ofisi. Ukuta wake hujaribiwa kwa kurushiwa ubao wa kilo 6.8 kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Jaribio hilo lina sababu: wengi wanaokufa kwenye tonado hupigwa na vitu vinavyorushwa, na bati lililong'oka shuleni ni mojawapo.

6. Ushauri wenu unapingana na ujuzi uliopo

Kipeperushi chenu kinawaambia watu wafungue madirisha ili nyumba isipasuke. Kiondoeni. Nyumba haipasuki kwa sababu ya hewa ya ndani. Upepo ukiingia kwa dirisha lililo wazi ndio unaolisukuma paa kutokea ndani huku mwingine ukilivuta kutoka nje. Na anayekwenda kufungua dirisha anajisogeza kwenye vioo.

Majibu tunayoyatarajia

*"Tonado ni za Marekani."* Zimeonekana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Mbaya kuliko zote kwa vifo, kwa kumbukumbu zilizopo, ilipiga maeneo ya Daulatpur na Saturia nchini Bangladesh tarehe 26 Aprili 1989 na kuua watu wapatao 1,300. Tarehe 15 Desemba 1998 tonado ilipiga Umtata, Afrika Kusini, Rais Nelson Mandela akiwa ndani ya duka la dawa mjini humo.

*"Tukitangaza tutaleta taharuki."* Marekani iliwahi kuogopa hivyohivyo, tangu miaka ya 1880 watabiri wa serikali walizuiwa kuitaja tonado kwa umma. Tarehe 25 Machi 1948 maofisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, walitabiri tonado kwa kambi ya Tinker, Oklahoma, na ikafika jioni hiyohiyo. Mwaka 1950 mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Marekani akawaandikia watabiri wake kwamba zuio halipo. Taharuki haikutokea.

*"Haitabiriki."* Mahali na dakika itakapogusa ardhi, ni kweli, na supaseli nyingi hazizai tonado. Siku yenye hatari inatabirika, na dhoruba inayozunguka inafuatilika. Hatujawahi kuomba zaidi ya hapo.

*"Hakuna bajeti."* Rada mpya tunajua ni ghali, hatukuiomba. Utepe wa chuma, diski ya kuhifadhia, mafunzo ya siku moja na gari la siku mbili haviko kundi moja na rada. Kuezeka upya shule ileile kwa misumari ileile nako ni bajeti.

Tunayoomba, kwa tarehe

Ndani ya siku 30: mtaje kwa maandishi ofisa mmoja atakayepokea ripoti za dhoruba kutoka vijijini, pamoja na namba inayopokewa usiku, mkiondoe kipeperushi, na muanze kuhifadhi vipimo vya kasi vya rada.

Kabla ya msimu ujao: timu ya watu wawili kwa kila kanda iwe na amri ya kufika ndani ya saa 72 baada ya dhoruba ya kuezua, ripoti yake itolewe kwa umma ikiwa na ramani, hata kama hitimisho ni kwamba haikuwa tonado, waangalizi wa kata wafundishwe, na jaribio moja la tahadhari ya minara ya simu lifanyike mchana, likitangazwa kabla.

Kwa kila jengo la umma litakaloezekwa kuanzia sasa: picha za viungo kabla ya malipo. Kwa yaliyokwisha kuezekwa, mafundi wetu wako tayari kukagua pamoja na wahandisi wenu, kuanzia na shule ambazo misumari ya mabati imeanza kupanda.

Nakala ya barua hii tumewapelekea wenyeviti wa vijiji na kamati za shule, nao wanajua tarehe tulizoandika.

Wenu katika kazi,

Waangalizi wa hali ya hewa wa kujitolea,
Mafundi wa kuezeka,
Walimu watunza vipimo vya mvua.